Katuni nazo ni shamba: Kijana wa Pemba akienda kuonana na wachoraji abebe nini?

Na Mwandishi Wetu, Pemba

MSIMU wa karafuu ukikolea, Pemba hulala macho. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, usiku familia nzima hukaa barazani ikichambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule.

Katika baraza nyingi hakosekani mtoto mmoja ambaye mkono mmoja unachambua na mwingine unachora. Huchora nyuma ya daftari la shule: mjomba aliyesinzia na kofia imemwangukia puani, shangazi anayegombana na mnunuzi wa magendo, mbuzi anayekula karafuu zilizoanikwa juu ya jamvi. Wenziwe wanacheka, mzazi anamwambia aache mchezo.

Miaka michache baadaye mtoto huyo ni kijana. Anakuja kwa mzazi na ombi ambalo halijawahi kusikika katika nyumba hiyo. Anataka nauli ya kwenda kwenye maonesho ya katuni, akaonane na watu wanaoishi kwa kuchora. Fedha za karafuu zimepatikana juzi, na paa linavuja.

Ampe au asimpe? Hilo ni swali la biashara, na linastahili kujibiwa kwa hesabu kama tunavyojibu swali la kununua mashine ya kukamulia nazi au ng'ombe wa maziwa.

Maonesho hayo ni nini?

Mkulima anaijua Nane Nane. Mwenye mbegu bora analeta mbegu, mwenye trekta analeta trekta, na asiye na kitu anakwenda kujifunza na kuuliza bei. Maonesho ya katuni ni Nane Nane ya wachoraji.

Makubwa yanayojulikana duniani ni ya San Diego nchini Marekani. Yalipofanyika kwa siku tatu Agosti 1970, yalihudhuriwa na watu wapatao 300 tu katika hoteli moja. Leo huvuta watu zaidi ya 100,000. Ufaransa wana tamasha la mji wa Angoulême, lililoanza mwaka 1974.

Afrika nayo haikubaki nyuma. Algeria ilianzisha tamasha lake la kimataifa la katuni mjini Algiers mwaka 2008, Lagos ikafuata mwaka 2012 na Johannesburg mwaka 2018. Nairobi nako mashabiki wa katuni wamekuwa wakikutana katika maonesho yanayojulikana kama NAICCON.

Kwa Mpemba kuna njia nyingine ambayo watu hawaifikirii. Dubai ilianzisha maonesho yake ya filamu na katuni mwaka 2012, na mwaka 2022 yakahamia Abu Dhabi. Ni nyumba ngapi za Wete, Chake Chake na Mkoani zisizokuwa na ndugu Oman au Dubai? Kijana ambaye tayari ana pasi ya kusafiria na mwenyeji wa kumlaza ameshapunguza sehemu kubwa ya gharama.

Ndani ya maonesho ya namna hii kuna sehemu nne hivi. Kwanza ni meza za wasanii, ambapo kila mchoraji hukodi meza na kuuza vitabu, picha, stika na fulana. Pili ni mabanda ya wachapishaji. Tatu ni vyumba vya mazungumzo, ambako wachoraji wakongwe hueleza kazi zao na kujibu maswali. Nne, katika baadhi ya maonesho, kuna meza ya ukaguzi ambapo mhariri hupitia kazi za wachoraji wachanga mmoja mmoja na kuwaambia ukweli.

Utawakuta pia vijana waliovaa mavazi ya wahusika wa katuni. Hao ni wateja. Mgeni asiwashangae sana akasahau kilichompeleka.

Wetu waliotangulia

Asije mtu akadhani katuni ni jambo la Wazungu tulilolipokea jana. Waliosoma gazeti la Uhuru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Mkubwa kwa mdogo alimcheka, na ndani ya kicheko hicho nchi ilijitazama.

Baadaye likaja gazeti la Sani, ambalo jina lake linatokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo. Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe, Pimbi na Madenge walijulikana kuliko mawaziri wengi. Kenya nako, mwaka 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha gazeti la Joe, ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa shule ya uchoraji na uandishi wa vichekesho mjini Nairobi.

Godfrey Mwampembwa, ambaye dunia inamjua kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Mwaka 1992 alijiunga na Nation ya Nairobi na akawa miongoni mwa wachora katuni wanaofahamika zaidi Afrika. Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilitoa kitabu chake cha katuni kiitwacho Abunuwasi. Hebu tafakari hilo: visa vya Abunuwasi ndivyo hivyo hivyo bibi zetu wa Pemba wametusimulia tangu tukiwa wadogo. Malighafi ilikuwa barazani kwetu, aliyeisindika akawa mwingine.

Yupo pia Ali Masoud, maarufu kama Masoud Kipanya. Kipanya alianza kama mnyama mdogo ndani ya katuni. Jina hilo likatoka kwenye karatasi likawa jina la mchoraji mwenyewe redioni na kwenye televisheni, na mwaka 2022 alizindua gari la umeme kwa jina la Kaypee, ambalo ni herufi K na P za Kipanya. Mfanyabiashara atalielewa somo hili haraka: mhusika wa katuni anayependwa ni alama ya biashara, na alama ya biashara inaweza kubebeshwa bidhaa nyingine.

Usikodishe mti usioujua mavuno yake

Hapa ndipo penye jambo kubwa ambalo kijana anapaswa kulijua kabla hajapanda boti.

Pemba tunaijua desturi ya kukodisha mikarafuu. Mwenye shamba akibanwa na shida, hukodisha miti kabla hajajua itazaa kiasi gani. Anapata fedha leo, mavuno yanakuwa ya mwingine. Msimu ukiwa mzuri, anakaa pembeni akihesabu magunia yasiyo yake. Hata hivyo ana faraja moja: msimu ukiisha, miti inarudi kwake.

Mchoraji aliyeuza haki zote za mhusika wake hana faraja hiyo. Mti haurudi.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman. Mwaka 1938 waliuza haki za mhusika huyo kwa dola 130. Walipigana mahakamani kwa miaka mingi bila mafanikio makubwa, na ilipofika mwaka 1975, wakiwa watu wazima wenye hali ngumu, kampuni iliyomiliki Superman ilikubali kuwalipa malipo ya kila mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi. Mwaka 2024 nakala moja ya gazeti lile la kwanza la mwaka 1938 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Hiyo ni karatasi moja tu ya zamani, mbali na filamu.

Kwetu, Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji hodari waliowahi kutokea Tanzania na mbunifu wa baadhi ya wahusika wa Sani, alifariki dunia mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika waliendelea kuishi mikononi mwa wachoraji wengine. Hatusemi hapa kwamba kuna aliyedhulumiwa. Tunachosema ni kwamba mhusika wa katuni anaweza kuishi kuliko mchoraji, kwa hiyo swali la nani ni mwenye mali liandikwe wakati mchoraji yu hai.

Sheria ipo. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, iliyoanzisha COSOZA. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 1999 na COSOTA. Chini ya sheria ya Bara, haki za kiuchumi za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake wajukuu wanaweza kuvuna.

Kijana aelewe mambo matatu. Wazo tupu halilindwi, kinacholindwa ni kazi iliyochorwa au kuandikwa. Kumruhusu gazeti kuchapisha mara moja ni tofauti na kumuuzia mhusika moja kwa moja. Na anayechora akiwa mwajiriwa asome mkataba wake vizuri, kwani kazi ya kuajiriwa mara nyingi huwa na masharti yake.

Hesabu ya meza

Sasa tuje kwenye fedha. Hesabu zifuatazo ni za mfano tu, kila mtu aweke bei zake.

Tuseme kijana wa Wete amepata meza katika maonesho ya Unguja au Dar es Salaam, mahali ambapo hahitaji viza wala ndege, na analala kwa ndugu. Amechapisha nakala 100 za kitabu chembamba cha katuni kwa Sh1,500 kila nakala, jumla Sh150,000. Anauza kila nakala Sh4,000.

Akiuza nakala 60 anapata Sh240,000. Akiwachorea wateja sura zao papo kwa papo kwa Sh5,000, na wakajitokeza watu 20, anaongeza Sh100,000. Mapato yote ni Sh340,000.

Toa Sh150,000 za uchapaji, inabaki Sh190,000. Sasa toa nauli ya kwenda na kurudi, chakula na kodi ya meza, tuseme vyote ni Sh250,000. Kijana amerudi Pemba na hasara ya Sh60,000, na nakala 40 ndani ya mfuko.

Mzazi atasema, "Nilikwambia." Lakini asikimbilie kufunga daftari. Nakala 40 zilizobaki zikiuzwa kwa bei ile ile ni Sh160,000, na hasara inageuka faida ya Sh100,000. Pia angalia kilichoingiza fedha bila mtaji mkubwa: kuchora papo kwa papo. Kalamu na karatasi vilimletea karibu theluthi moja ya mapato yote.

Somo la pili ni kwamba meza peke yake mara nyingi hailipi safari. Kinacholipa safari ni kazi inayopatikana baadaye kutokana na watu waliokutana mezani. Kijana akirudi na fedha kidogo lakini na mteja mmoja wa uhakika, amefanya biashara. Akirudi na picha za simu alizopiga na watu mashuhuri, amefanya matembezi. Matembezi si dhambi, ila yasilipiwe kwa fedha za paa.

Kwa sababu hiyo, safari ya kwanza si lazima iwe ya meza. Anaweza kwenda kama mtazamaji, akajionea bei, aina ya karatasi na kinachonunuliwa, kisha meza aikodi mwaka wa pili. Vilevile aanzie karibu. Maonesho ya Sabasaba, maonesho ya biashara ya Unguja wakati wa sherehe za Mapinduzi, na tamasha la filamu la ZIFF huleta watu wengi wenye fedha mfukoni. Si maonesho ya katuni, lakini mchoraji mmoja mahali pasipo na mchoraji mwingine hana mshindani.

Namna ya kumwendea mchoraji

Wachoraji wengi ni watu wa kawaida, na mezani wanapatikana. Lakini wako kazini. Kijana aliyelelewa Pemba ameshafundishwa adabu ya kupiga hodi, basi aitumie hiyo hiyo.

Asalimie kwanza, asubiri wateja wapungue, na kama ana uwezo anunue hata kadi moja. Asimwage jalada zima la kurasa 50 juu ya meza ya mtu. Achague kurasa tano zilizo bora, na ndani yake iwepo hadithi inayosomeka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu wahariri hutafuta mtu anayeweza kusimulia. Picha moja nzuri haiwatoshi.

Asiulize, "Nifanyeje niwe kama wewe?" Hilo halina jibu. Aulize maswali yenye jibu: Ukurasa mmoja unakuchukua siku ngapi? Unalipwa kwa ukurasa au kwa kazi nzima? Nani anabaki na michoro ya asili? Ulikosea wapi katika mkataba wako wa kwanza? Wakongwe hupenda sana kujibu hilo la mwisho.

Akikosolewa, anyamaze aandike. Mchumaji mpya akiambiwa anavunja matawi, hajibizani na mwenye shamba.

Na kabla ya kuondoka aache kadi yenye jina, simu na mchoro mmoja mdogo. Mchoro ndio utakaomkumbusha mtu, jina pekee husahaulika.

Soko liko pia shambani

Wasomaji wa kurasa hizi za kilimo wanaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini? Yanawahusu sana, kwa kuwa mteja mkubwa wa katuni katika Afrika Mashariki anaweza kuwa mkulima.

Chukua mfano wa Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010. Lilitolewa bure, likasambazwa ndani ya gazeti na kupitia vibanda vya wakala wa simu, na gharama zikalipwa na waliotaka ujumbe wao ufike kwa vijana. Mojawapo ya visa vyake ilikuwa mbinu ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kama chakula. Ushauri wa namna hiyo ukiandikwa kwenye kipeperushi cha maneno matupu, hufungiwa maandazi. Ukiwekwa ndani ya hadithi ya kijana mwenye shida, husomwa na nyumba nzima. Mwaka 2012 Shujaaz lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy, na mwaka 2015 likaingia Tanzania.

Ipo njia rahisi zaidi. Shirika la World Comics la Finland, likiongozwa na Leif Packalén, liliendesha mafunzo Tanzania na kwingineko ya kuwafundisha watu wa kawaida kuchora katuni ya ukutani ya picha nne. Karatasi mbili za A4 zinaunganishwa, zinatolewa kivuli kwenye mashine ya fotokopi, kisha zinabandikwa dukani, zahanati au shuleni. Mtaji ni kalamu nyeusi na fedha ya fotokopi.

Sasa tazama Pemba. Wakulima wa karafuu wanahimizwa kila msimu kuanika kwenye majamvi, wasianike barabarani, na kuuza kwa ZSTC, ambalo kwa miaka mingi limekuwa mnunuzi pekee kisheria. Akina mama wa mwani wanahitaji maelezo ya kufunga mbegu, kukausha na kuepuka mchanga. Wavuvi wana masharti ya hifadhi ya Misali. Kila moja ya habari hizo inaweza kuwa katuni ya picha nne, kwa Kiswahili cha Pemba chenyewe, ikichorwa na mtu anayejua kwamba mwanamke wa mwani hufuata maji yanapokupwa, hafuati saa ya ofisi.

Mchoraji wa mbali hawezi kuyajua hayo. Hapo ndipo bei ya kijana wetu inapopanda.

Neno la wazee

Kuna jambo ambalo haifai kulipita kimya. Wapo wazee na masheikh wasioridhia uchoraji wa viumbe wenye roho, na kijana wa Pemba atakutana na swali hilo nyumbani kabla ya kukutana na mhariri yeyote. Tunashauri asilikwepe wala asilidharau. Azungumze na wazazi, aulize wanaojua, aoneshe kazi yenyewe na faida yake kwa watu. Mchoraji anayejua mipaka ya jamii yake, akajiepusha na matusi na kejeli ya dini za watu, anajenga jina linaloaminika. Biashara ya katuni, kama biashara ya dhahabu, inasimama juu ya kuaminika.

Tukirudi kwa mzazi wetu na fedha zake za karafuu, haya ndiyo tungemshauri. Asitoe nauli siku anayoombwa. Amwambie kijana alete vitu vitatu: hadithi moja iliyokamilika, yenye kurasa zisizopungua nane, makisio ya safari yaliyoandikwa, mapato upande mmoja na matumizi upande mwingine, na orodha ya watu watano anaotaka kuonana nao, pamoja na swali la kila mmoja.

Akishindwa kuvileta, basi alikuwa anataka matembezi. Akivileta, mzazi ampe nauli, na paa lipate makuti mapya ya kusukumia mwaka. Mkarafuu wenyewe humsubirisha mkulima miaka kadhaa kabla ya kumpa kikonyo cha kwanza, na hakuna aliyewahi kuung'oa mwaka wa pili kwa kuwa haujazaa.